Mkongojo wa Ijumaa

Mkaratusi ukipasuliwa ungali mbichi hutoa harufu kali inayopanda puani na kuingia hadi machoni. Watu wa kwetu Gesima wakiisikia harufu hiyo hukumbuka makambi, wakakumbuka uji wa asubuhi na kwaya zikifanya mazoezi nyuma ya mahema. Mimi ikinifikia natafuta kwanza mahali pa kukaa. Nilikuwa darasa la tano mwaka ambao tawi la mti huo lilinilalia kifuani siku ya Sabato, nikiwa ndani ya hema letu, na mpaka leo nikisimulia nashtuka upya. Nashtuka kwamba niko hai, halafu nashtuka zaidi nikikumbuka aliyenitoa. Alikuwa bibi yangu mzaa baba, mwanamke ambaye siku ya Sabato hakukubali hata kiberiti kiwashwe mbele yake. Alinitoa kwa shoka. Shoka, jamani, siku ya Sabato! Na shoka lenyewe, kwa jinsi sisi sote tulivyojua, lilikuwa limefungiwa stoo.

Kwa wasiojua, makambi kwetu sisi Wasabato ni wiki nzima ya kuhama nyumbani. Likizo ya Agosti ikifika, watu huwaachia jirani zao Wakatoliki majani chai na ng'ombe, wakabeba magodoro, sufuria na mikungu ya ndizi, wakaenda kupiga mahema kwenye uwanja wa kanisa. Asubuhi ni mahubiri, mchana mahubiri, jioni mahubiri, na katikati ni kupika. Kupika kulitaka kuni, na kuni zilitaka shoka. Kuanzia Jumapili uwanja mzima ulilia ko, ko, ko, mpaka mhubiri akalazimika kupaza sauti. Lakini Ijumaa, jua lilipoanza kuinama, shemasi alipita hema kwa hema akikusanya mashoka na mapanga yote, akayafungia kwenye stoo ya kanisa na kutia ufunguo mfukoni. Desturi hiyo waliianzisha wazee wa kwanza wa kanisa letu, ili mtu asije akajisahau asubuhi ya Sabato, mkono ukainua shoka kwa mazoea tu. Sijasikia kanisa jingine lenye desturi hiyo. Sisi tuliiona ya kawaida, kama kufunga mlango ukitoka nyumbani. Na hakuna aliyeitetea kwa ukali kumshinda bibi. Tulimwita Magokoro, kama tunavyowaita bibi zetu kwa Ekegusii. Alikuwa mwembamba, mrefu, mkavu wa maneno, na alichuma chai kwa kasi iliyowatia aibu wake za wanawe.

Mwaka huo shoka lake la makambi lilikuwa limepasuka, akanichukua twende Nyamache, kwao alikozaliwa, kutafuta jingine. Kwa nini hakununua karibu na nyumbani, sikujua. Nyamache, nje kidogo ya soko, palikuwa na wahunzi waliofua vyuma vya springi za malori, na mbele yao mashoka yalipangwa juu ya gunia. Kijana mmoja alimwonyesha shoka lililopakwa rangi nyekundu. "Magokoro, chukua hili, ona linavyong'aa." Bibi akaligeuza mara moja tu, akalirudisha. "Kwani nataka kujitazama uso?" Waliokuwa karibu wakacheka, na kijana akacheka pia, lakini hakujua amepata mteja wa aina gani. Tulikaa pale mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Alilishika kila shoka mbele ya jicho, akiangalia kama makali yamenyooka sawa na tundu la mpini. Alilipiga kwa ukucha na kusikiliza. Lililotoa mlio mfu alilisukuma kando bila maelezo. Alitaka shoka dogo, la kuingia kwenye kikapu na kuinuliwa kwa mkono mmoja, lenye kisogo bapa cha kupigilia vigingi vya hema.

Lakini alichokitafuta zaidi ni tundu. Mashoka mengi ya dukani mpini huingilia chini, kisha juu unagongewa kabari ili usitoke. Mti ukikauka kabari inalegea, na siku moja unainua mpini mtupu, kichwa kimesharuka, unaomba tu kisiwe kimemfikia mtu. Magokoro alitaka tundu lililo pana juu na jembamba chini, ambalo mpini hupitishwa kutoka juu, ncha nyembamba ikitangulia, mpaka sehemu nene ikwame. Shoka la namna hiyo, kila ukipiga, kichwa kinajikaza chenyewe. Ukitaka kukitoa, unagonga ncha nyembamba ya mpini chini, kichwa kinateleza hadi huko na kutoka. Alipolipata alitoa kibindoni uzi wenye fundo, akapima upana wa tundu, akaridhika. Mhunzi akashangaa. "Magokoro, mpini wake uko nyumbani?" Bibi akasema, "Uko."

Wiki zilizofuata alinifundisha shoka lile, na kama mtu ananiuliza leo kwa nini nina ukali, ajue nililelewa na nani. Mpini wa kazi za kila siku aliuchonga mwenyewe kwa mti wa mpera, akauacha ukauke polepole darini juu ya meko, akaupaka samli iliyochacha mpaka ukawa laini. Alinikataza kuupaka rangi, kwa sababu rangi huteleza na kuficha ufa. Aliwadharau sana watu wanaoloweka shoka kwenye ndoo ya maji ili lijikaze. "Wanalidanganya leo, kesho linawaumbua," alisema. Makali aliyanoa kwa tupa kwanza, kisha kwa jiwe lenye maji, akisukuma kuelekea upande mmoja tu, na mwisho alijaribu kwa kupasua jani la mgomba lililoning'inia. Kabla ya kupiga pigo la kwanza nilitakiwa nizunguke mahali pote nikitazama nani yuko karibu, kisha nitazame juu. Kuni fupi nilizipasua nimepiga magoti, ili shoka likikosa liingie ardhini na si kwenye ugoko wangu. Nikimaliza nililichomeka kwenye gogo, kamwe nisililaze nyasini. Nikikosea jambo moja alininyang'anya, akafanya kazi yote yeye, huku mimi nimesimama kama mgeni. Haki, nilikuwa naumia kuliko ningechapwa.

Sasa kulikuwa na jambo moja ambalo sisi wajukuu tulilichekea. Magokoro nyumbani hakuwa na mkongojo. Alipanda milima ya chai na kikapu kimejaa mgongoni, akatuacha nyuma tukihema. Lakini makambini, Ijumaa jioni ilipofika tu, alitoa mkongojo mrefu wa mpera kutoka nyuma ya magodoro, akaanza kuuegemea kwenda ibadani. Jumamosi jua likizama, mkongojo ulirudi nyuma ya magodoro, na yeye akarudi kukimbia. Baba alipomuuliza kama mguu unamuuma, alimtazama tu. Mama alisema ni uzee wa heshima, kwamba bibi anapenda kuonekana mama wa kanisa. Tukaikubali sababu hiyo. Mkongojo ulikuwa mnene juu, mwembamba chini, na hakuna aliyejisumbua kuutazama zaidi ya hapo.

Ijumaa ya makambi hayo shemasi alifika kwetu kama kawaida. Magokoro alinipa furushi la gunia nimpelekee, mpini wa shoka ukiwa umechomoza upande mmoja na kitu kizito kimefungwa ndani. Shemasi alilipokea, akamsifu bibi mbele ya watu, akisema laiti kila hema lingekuwa na utii wa hema hili. Magokoro akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mimi nilijaa fahari.

Asubuhi ya Sabato kulikuwa na joto zito. Baada ya mahubiri makuu watu walikula chakula cha jana, na shemasi akaondoka na kwaya moja kwenda kumwombea mgonjwa kijiji cha mbali. Wingu lilipanda kutoka upande wa ziwa, kama linavyofanya kwetu kila alasiri, lakini lile lilikuja na upepo. Mama alinituma hemani nikachukue kitabu chake cha nyimbo. Nilikuwa nimeinama juu ya godoro nikikitafuta, nikasikia mlio juu yangu, mkavu na mrefu, nikageuka nitazame. Hema likaniangukia. Kisha juu ya hema kikaja kitu ambacho sikukielewa. Niliona tu kwamba nimelala chali na kifua changu hakipandi tena.

Lilikuwa tawi la mkaratusi, nene kuliko kiuno cha mtu mzima. Halikukatika kabisa. Upande mmoja bado lilishikwa na shina kwa kipande cha mti kibichi, upande mwingine lilikuwa limechimba ardhini, na mimi nilikuwa katikati. Turubai lilipasuka karibu na uso wangu, kwa hiyo niliona kila kitu, na afadhali nisingeona. Baba na wanaume wengine walikuja mbio wakaliinua. Walipoinua upande mmoja, tawi lilijipinda na kunielemea zaidi. Nilifungua mdomo nipige kelele, sauti haikutoka. Baba aliona uso wangu, akapiga ukelele, "Acheni! Mnamuua!" Wakaacha. Wakasimama. Wanaume wazima, wakulima, wenye mikono ya kung'oa visiki, wakasimama wameduwaa, kwa sababu kilichotakiwa ni kukata kile kipande kinacholishika kwenye shina, na uwanja mzima wa watu wale haukuwa na shoka hata moja.

"Ufunguo!" mtu akapaza sauti. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa shemasi, na shemasi alikuwa mbali, anaimba kwa mgonjwa. Wengine walikimbia kuvunja mlango wa stoo, nikasikia wakiupiga mabega. Mlango ule ulikuwa wa mbao nzito na kufuli la chuma. Wazee waliujenga ili usivunjike. Wengine walikimbilia kwa majirani Wakatoliki ng'ambo ya bonde. Mama alikuwa ameanguka chini, ananiita, "Kemunto, Kemunto, tazama hapa." Nilimtazama. Nilikuwa navuta hewa kidogo kama ya kunusa ua, na kila niliyoitoa, iliyofuata ilikuwa ndogo zaidi. Nilijua ninakufa. Watoto wanajua.

Ndipo Magokoro akaja. Hakukimbia, na mkongojo ulikuwa mkononi. Alipita katikati ya wanaume akasimama juu yangu, akatazama tawi lote toka mwanzo hadi mwisho, akatazama juu, akazunguka upande wa pili akitazama nani yuko karibu. Kisha akafungua leso kiunoni. Ndani ya leso kulikuwa na kichwa cha shoka. Nasema kichwa cha shoka letu la Nyamache, kimenolewa, kimetulia pale tumboni mwake tangu jana, wakati wa sala zote na nyimbo zote! Akageuza mkongojo, akapitisha ncha nyembamba kwenye tundu, akakivuta kichwa mpaka sehemu nene ya juu, akaugonga upande huo chini kwa nguvu. Kikakwama. Yote hayo yalichukua muda wa mtu kufunga kamba ya kiatu. Mwanamke mmoja nyuma alisema, "Magokoro, ni Sabato!" na sauti yake ilikuwa ya mshangao mtupu, si ya kukemea. Bibi hakugeuka. "Kemunto, fumba macho," akaniambia. "Vuta kidogo, toa kidogo. Usilie, kulia kunakula hewa."

Sikufumba. Nilimwona akipiga. Alishika mkongojo katikati, akapiga kwa mshazari, upande huu na upande ule, vipande vyeupe vikarukia uso wangu, na ile harufu ikaja. Hakupiga kwa hasira wala kwa haraka. Baba alitaka kumpokea shoka, bibi akamsukuma kwa kiwiko. Kile kipande kilipobaki chembamba alisimama, akawapanga wanaume mahali pa kushika, akawaambia, "Likidondoka, mliviringishe kuelekea kanisani. Msiliinue." Pigo moja. Tawi likadondoka, wakaliviringisha, na hewa ikaniingia kwa maumivu ambayo sijawahi kuyapata tena, hata nilipozaa.

Nilivunjika mbavu. Nilipokuwa nabebwa kwenda kwenye gari niligeuza kichwa, nikaona jambo ambalo liliwashangaza watu kuliko shoka lenyewe. Magokoro alikuwa amegonga mkongojo, ametoa kichwa, amekifuta kwa upindo wa leso na kukifunga tena kiunoni. Kisha akaegemea mkongojo wake, akapanda garini akaketi upande wa kichwa changu akiimba wimbo wa Sabato kwa sauti ndogo. Baba mwenyewe aliketi anamtazama mama yake kama mtu aliyekutana naye siku hiyo.

Shemasi alikuja hospitalini kesho yake, na furushi mkononi. Alikuwa amelifungua kule stoo mbele ya wazee. Ndani, pamoja na mpini, alikuta jiwe la kunolea. Maskini, alikuwa mtu mwema, na uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia. "Magokoro," alisema, "miaka yote hii umekuwa ukinipa jiwe?" Bibi akajibu, "Ndiyo." Shemasi akasema tena, taratibu, "Kwa nini hukuniambia?" Magokoro akamtazama. "Ningekuambia wewe ungekichukua," alisema.

Shemasi alipoondoka, bibi alinieleza. Nilijua siku zote kwamba jina langu ni la shangazi aliyekufa mtoto, kwa maana kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia. Ila hakuna aliyewahi kusema alikufaje. Kemunto yule alikuwa mtoto wake wa kwanza, kabla baba hajazaliwa. Siku hizo mashoka ya kijiji kizima yalikusanywa kila Ijumaa, si makambini tu, yakafungiwa kanisani ng'ambo ya mto. Asubuhi ya Sabato moja, baada ya mvua ya usiku kucha, nyumba yao ya udongo iliporomoka, mtoto akiwa ndani. Boriti za paa zilimlalia. Walivuta kwa mikono. Mtu alikimbilia kanisani, mto ulikuwa umefurika, akazunguka kwa daraja la juu. "Aliniita mpaka akaacha," Magokoro alisema. "Shoka lilifika baadaye. Lilikuwa shoka zuri." Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na mbavu ziliniuma nikashindwa kuacha. Aliongeza kwamba hakumlaumu Mungu wala wazee, wote waliogopa kukosea, hata yeye. Alichoamua tu ni kwamba hatatoa tena kichwa cha shoka mkononi mwake, na kwa kuwa aliipenda Sabato, hatakitia mpini mpaka aitwe. Aliitwa mara moja tu, baada ya kungoja maisha yake yote.

Siku hizi makambi yamebadilika hata sijui nisemeje. Watu wanapika kwa gesi. Mahema yanafunguka yenyewe, yana madirisha ya wavu. Stoo ile imejaa spika, na desturi ya kukusanya mashoka ilikufa bila kutangazwa, kwa sababu hakuna anayekuja na shoka. Vijana wachache waliotoka Nairobi huja na vishoka vya kambi vilivyoagizwa kwa simu, vyenye mpini wa plastiki na ala ya ngozi, nao kazi yao ni kuvirusha kwenye mti wakipigana picha. Nilipoona mara ya kwanza nilipiga ukelele mpaka mhubiri akanyamaza. Mikaratusi yenyewe bado ipo, imezidi kuwa mirefu, na mahema yanapigwa palepale chini yake, kwa sababu pana kivuli.

Magokoro tulimzika zamani. Binti yangu anaitwa Bosibori, jina la bibi, na makambi yaliyopita alinicheka mbele ya wenzake. "Mama, mguu gani unakuuma? Mbona kuanzia Ijumaa unajizeesha?" Nikamwita ndani ya hema, nikafungua leso kiunoni, nikamwonyesha, nikamweleza kila kitu kama nilivyowaeleza ninyi. Yeye, kwa kuwa ni mtoto wa siku hizi, akasema, "Lakini mama, leo kuna simu. Tungepiga tu, watu waje." Sikubishana naye. Nikamwambia ampigie shemasi wetu, ambaye nilijua yuko palepale uwanjani, ila kwanza atoe pumzi yote, asivute nyingine mpaka simu ipokelewe. Akacheka, akatoa pumzi, akabonyeza, akaweka simu sikioni. Iliita. Iliendelea kuita. Niliona kicheko kinamtoka machoni, kisha shingo inakaza, kisha mkono unashika turubai. Alipovuta hewa, kwa kishindo, simu ilikuwa bado inaita. Aliikata, akanyoosha mkono akachukua mkongojo.